Maswali ya wasomaji: sauti inasoma na kidole kinasoma, nani amfuate mwenzie?

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na nyingi zinagusa jambo moja, kusoma kwa sauti ya kompyuta au simu huku mikono iko kwenye disple ya breli, yale maandishi ya vinundu ya wasioona. Kwa ambao hawajawahi kuishika, disple ni kile kibao kinachokaa mbele ya kibodi, kina mstari mmoja wa seli, yaani vijumba vya herufi moja moja, kuna za seli 14, 20, 40 mpaka 80, na kila seli ina vinundu vinavyopanda na kushuka vyenyewe kufuata kilichoandikwa kwenye skrini. Nimechagua maswali manne, mawili nimeyajibu kwa urefu maana nimeona yanawaumiza watu wengi huku nyanda za juu.

SWALI: Kamwene dada, shikamoo. Mi nasoma chuo hapa Iringa mwaka wa pili, sioni tangu utotoni na breli nimeijua tangu darasa la kwanza. Nina laptopu yenye NVDA, ile programu ya kusoma skrini kwa sauti, na juzi juzi nimeazimwa disple ya seli 40. Nilifurahi sana ila sasa nachanganyikiwa. Nikiagiza NVDA isome yote, disple inajibadilisha kabla sijamaliza mstari, kidole kiko katikati ya neno, neno limeshaondoka. Nikibonyeza kitufe cha kusogeza disple, sauti inakata. Wenzangu wananambia chagua kimoja, sauti au breli, eti vyote kwa pamoja haiwezekani. Ni kweli? (Mwanafunzi, Iringa)

Marahaba mdogo wangu, kamwene. Hao wanaokwambia uchague kimoja usiwasikilize, inawezekana kabisa na mimi ndo nasoma hivo kila siku hapa Mwanjelwa, sauti sikioni na mikono kwenye disple. Ila kwa namna unayoifanya sa hivi haitawezekana, na tatizo halipo kwako wala kwenye disple, lipo kwenye spidi. Msomaji mzoefu wa breli anakwenda kama maneno 100 na kitu kwa dakika, mtu akiongea kawaida anafika 150 hivi, na sisi tuliozoea kusikiliza tunaipandisha sauti ya NVDA mpaka 300 na zaidi. Hizo hesabu ni za Kiingereza, maneno yetu ya Kiswahili ni marefu kwa hiyo idadi inashuka kote kote, lakini pengo linabaki palepale. Sasa ukiagiza isome yote, kishale, ile alama ya mahali ulipo kwenye maandishi, kinatembea na sauti, na disple inafuata kishale, basi kila sauti inapovuka mstari na disple inavuka nao, haijali kidole chako kimefika wapi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa setingi yoyote amua nani anaongoza. Sauti iongoze na kidole kifuate, au kidole kiongoze na sauti isubiri kuitwa. Wakiongoza wote wawili hutasoma chochote. Na uamuzi huo hauufanyi mara moja ukamaliza, unaufanya kila unapofungua kitu cha kusoma, maana notsi ndefu za historia hazisomwi kama kifungu cha sheria.

Tuanze na kidole kikiongoza, na hii ndo naipenda zaidi. NVDA ukibonyeza kitufe chake (kwa kawaida ni Insert) pamoja na S inabadilisha hali ya sauti, kuna kuongea, kuna milio tu, kuna kunyamaza, na tangu toleo la 2024.1 kuna hali nyingine ambayo sauti inaongea pale tu unapoiita. Ukiiweka hapo, unatembea na kidole kimya kimya kwa raha zako, ukifika pahala umechoka au neno limekukataa unaagiza isome mstari uliopo, inasoma mstari huo, inarudi kunyamaza. Mi nasomea hivo mikataba, barua za ofisini na kitu chochote chenye hela ndani yake. Sauti ikienda kasi, hakulipwa na akalipwa zinapita karibu sawa sikioni, hasa ukiwa kwenye daladala au watu wanaongea pembeni, na tofauti yake ni mtu kupata haki yake au kukosa. Kidole hakina haraka hiyo.

Sauti ikiongoza, achana na kusoma yote. Tumia mshale wa chini, mstari kwa mstari. Unabonyeza, sauti inasoma mstari mmoja, disple inaonyesha mstari huohuo na inatulia hapo mpaka ubonyeze tena, kidole kinapita kwa amani kikiwa kinajua tayari kinachokuja. Utashangaa kidole kinavyoongeza mwendo kikiwa kimeshasikia. Alafu kuna kitu ambacho wengi hawakijui, kwenye kurasa za intaneti NVDA yenyewe inakata mstari kwa herufi 100, hiyo ni mistari miwili na nusu ya disple yako, ndo maana ukishuka mara moja sauti imesema mengi na kidole kimeshika mwanzo tu. Ingia setingi za kusomea kurasa, kuna sehemu ya idadi ya juu ya herufi kwa mstari, ipunguze iwe 38 hivi. Usiweke 40 kamili kwa sababu alama ya herufi kubwa na alama ya namba kila moja inakula seli yake. Ukishafanya hivo mstari wa sauti na mstari wa disple vinakaribiana sana, na hapo ndo utaelewa kwanini nasema inawezekana.

Na hilo la sauti kukata ukisogeza disple, NVDA imewekwa hivo makusudi toka kiwandani, waliona sauti inaweza kumsumbua mtu anayesoma breli. Nenda setingi, kipengele cha breli, kuna tiki inayosema sauti ikatizwe wakati wa kusogeza, itoe. Maelezo yao wenyewe yanasema ukiitoa unaweza kusikia sauti huku unasoma breli, maana yake waliotengeneza wanajua kabisa kuna watu tunasoma hivi. Ila ujue vile vitufe vya kwenda mstari unaofuata au uliopita bado vitakatiza, hivo havina setingi.

Kuna na njia ya tatu kwa siku ambayo unataka sauti ikimbie kweli na kidole kiwe na mambo yake. Kama disple yako inaweza kusoma faili kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, kama zinavyofanya Orbit Reader 20 na nyingine kadhaa, weka notsi zako humo na usiiunganishe na laptopu. Laptopu isome kitabu, kidole kiko kwenye muhtasari wa mhadhara, hakuna anayemvuta mwenzie. Kwa kujiandaa na mtihani hiyo ni nzuri sana.

Mwisho kwako, utaiona faida zaidi siku ya kuandika kuliko siku ya kusoma. Andika hivi: Mwenyekiti alipo fika. Iambie NVDA isome. Itasema mwenyekiti alipofika, safi kabisa, sikio linaridhika na unaendelea. Sasa weka kidole, utakuta po, alafu seli tupu, alafu fi. Juu ya kila seli kuna kitufe kidogo cha kuleta kishale, bonyeza kile kilicho juu ya f, vinundu viwili vya chini vinanyanyuka kukuonyesha kishale kimefika, futa nyuma mara moja, nafasi imekufa. Kwahiyo badala ya kwa hiyo, ana andika badala ya anaandika, kwasababu badala ya kwa sababu, sauti haitakwambia hata moja ya hizo, na mhadhiri anakata maksi bila kujua kwamba hukuwahi kuliona neno lenyewe, umelisikia tu.

SWALI: Ugonile dada. Mi ni mama wa mtoto wa darasa la tano huku Rungwe, macho yalimwishia akiwa darasa la pili. Yuko kitengo cha wasioona shuleni na breli walimfundisha, alikua ameanza kusoma vizuri. Mjomba wake akamletea simu kubwa inayoongea, sasa hivi hataki kabisa kugusa karatasi za breli, anasema zinamchelewesha. Hata mtu mmoja msomi akanambia teknolojia imekua, niache kumlazimisha. Naona ana raha na simu yake lakini moyo wangu haujatulia. (Mama wa mtoto, Rungwe)

Ugonile mama, na shikamoo kama umenizidi. Moyo wako unakwambia ukweli. Usimnyang'anye simu, lakini usikubali hata kidogo aache breli, na huyo msomi muulize kama mwanae anayeona angekubali akue anasimuliwa tu bila kusoma maandishi kwa macho yake.

Nakupa habari moja ya zamani maana inajibu swali lako lenyewe. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, akapofuka utotoni, na alipokua na miaka 15, mwaka 1824, akawa ameshapanga alfabeti yake. Lakini hakuanzia hewani, kabla yake bwana Charles Barbier alishatengeneza mfumo wa vinundu 12 ambao ulikua unaandika sauti za maneno, haukuwa na tahajia wala nukta wala koma. Wasioona wa wakati ule walikua na mfumo wa kuandika wanachosikia, na kijana mwenyewe asiyeona akasema hautoshi. Akapunguza vinundu vikawa 6 ili seli nzima ikae chini ya ncha ya kidole kimoja, na akavipa herufi zenyewe, na alama za vituo. Mtoto aliyebaki na simu peke yake amerudishwa kule kwa Barbier, anajua maneno yanavyosikika tu.

Na sisi watu wa huku tuna sababu ya ziada. L na r zinatugombanisha tangu nyumbani, mtoto anasikia mahali na mahari ni kitu kimoja, kula na kura kitu kimoja, simu itatamka sawasawa kabisa lakini sikio lake litapokea kama alivyozoea kusikia kwa bibi. Mtoto anayeona anarekebishwa na kitabu bila mtu kumwambia, analiona neno mara nyingi mpaka linamkaa. Mtoto wako kitabu chake ni kidole. Hesabu ndo usiseme kabisa, sehemu na mabano kwa kusikiliza tu ni mateso.

Ila na yeye ana hoja, breli mwanzoni inachelewesha kweli, na hapo ndo sauti inaingia kama msaidizi wake. Angalia e na i kwenye breli, vinundu vina namba, 1 mpaka 3 kushoto kutoka juu, 4 mpaka 6 kulia, e ni nundu ya 1 na ya 5, i ni ya 2 na ya 4, moja ni kama nyingine imegeuzwa upande, na watoto wengi zinawachanganya. Sasa anasoma m, b, kisha hajui ni e au i, ni mbele au mbili? Akiwa peke yake anakwama, anachukia, anaweka karatasi chini. Akiwa na sauti inayosoma habari ileile, anasikia mbele, anarudisha kidole juu ya ile seli, anaigusa tena akiwa anajua ni e, na mkono unajifunza. Kwa hiyo kusoma kwa pamoja sio uvivu na asije mtu akamwambia anadanganya.

Utaratibu ndo muhimu mama, kidole kwanza sauti baadae. Asome mstari kwa kidole, hata kwa kubahatisha, ndipo simu isome mstari huohuo, alafu arudie kwa kidole. Sauti ikitangulia siku zote, mkono utakaa juu ya vinundu unatembea vizuri tu na we utadhani anasoma, kumbe sikio linafanya kazi yote. Ukitaka kujua, mara moja moja mwambie azime simu akusomee sentensi mpya ambayo hajawahi kuisikia. Usimtege kwa ukali, mwambie tu leo nisomee mama.

Hujasema kama ana disple na nadhani hana, bei yake ni kubwa, hata zile zinazoitwa za bei nafuu sio hela ya mzazi wa kawaida. Haijalishi, anza na karatasi za kitengo. Muombe mwalimu wake akupe hadithi fupi ya breli pamoja na maandishi ya kawaida, we uiandike kwenye simu kama meseji, TalkBack, ile programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti, itaisoma, hapo tayari ana sauti na ana vinundu. Na we mwenyewe jifunze, kwa macho ni rahisi kuliko unavyodhani, a mpaka j zinatumia vinundu vinne vya juu tu, k mpaka t ni zilezile umeongeza nundu ya 3, ukishajua kumi za kwanza umeshajua ishirini. Mtoto akijua mama anasoma anachoandika, ataandika.

Siku akipata disple, iwe ya shule au ya msaada, simu yake ikiwa na Android 13 kuendelea TalkBack inaiunganisha kwa bluetuthi bila kuweka programu nyingine, kwa hiyo ile simu anayoipenda ndo itakayomrudisha kwenye breli.

SWALI: Dada za Mbeya? Mimi ni karani ofisi moja hapa mjini, natumia NVDA na disple. Sauti inasoma Kiswahili kama mzungu aliyepotea, na kwenye disple maneno mengi yanakuja yamekatwa katwa siyaelewi. Nimeambiwa disple ni mbovu. (Karani, Mbeya)

Nzuri kaka. Disple sio mbovu, vitu viwili vimebaki kwenye Kiingereza na kila kimoja kina setingi yake, ukibadili kimoja kingine hakifuati.

Sauti kwanza, chagua eSpeak NG ambayo inakuja na NVDA yenyewe, alafu kwenye orodha ya lugha zake chukua Kiswahili. Sauti yake ina ukakasi wa mashine lakini inatamka Kiswahili kama Kiswahili na mkazo unakaa mahala pake.

Kwenye disple, uliyonayo ni jedwali la breli ya Kiingereza yenye vifupisho, jedwali ndo linaloamua maandishi yageuzwe vipi kuwa vinundu. Kiingereza kina alama moja inayosimama badala ya herufi a, n na d zikifuatana, kwa hiyo neno andika linakuja seli nne badala ya sita, na thelathini linaanza na alama yao nyingine inayobeba t, h na e kwa mpigo. Kama hukusoma vifupisho vya Kiingereza lazima uone kama limekatwa. Nenda kipengele cha breli, kwenye jedwali la kutoa tafuta la Kiswahili, kwenye orodha limeandikwa na Kenya pembeni yake, chukua la daraja la 1, lisilo na vifupisho. Usisahau na jedwali la kuingiza kama unaandikia kwenye disple.

Na kwa kazi yako ya kupokea simu, zoea ile hali ya sauti kwa kuitwa niliyomweleza mwenzio wa Iringa. Mteja anaongea sikioni, kidole kinasoma jina lake na namba ya faili, hakuna sauti inayokugombania masikio, na mteja hajui kama unasoma huku unamsikiliza.

SWALI: Huku Makete mwezi wa sita na wa saba vidole vinakufa ganzi, breli siisikii kabisa asubuhi, nabaki na sauti. Kuna dawa? (Msomaji, Makete)

Pole sana, baridi ya huko naijua na Njombe ni hivohivo, kidole kikipoa hakitofautishi nundu mbili na tatu, na ukikikandamiza ndo unaharibu zaidi maana unabonyeza pini za disple badala ya kuzisoma. Pasha viganja kwa kushika kikombe cha chai, vaa soksi za mikono zilizokatwa ncha au zungushia kitambaa kwenye vifundo vya mikono, damu ikiwa na joto ikifika pale vidole vinapata nafuu. Asubuhi acha sauti iongoze, kidole kifuate majina na tarakimu tu, ikifika saa tano jua limetoka unabadilishana.

Usiisogeze disple karibu na jiko la mkaa, na kama ilikua kwenye begi kwenye baridi kali iache itulie ndani kwanza kabla ya kuiwasha, unyevu ukijitengeneza ndani ni hatari kwa umeme wake. Na yale mafuta mazito tunayojipaka mikono isipasuke, yapake usiku. Ukiyapaka alafu ukasoma, yanaingia kwenye matundu ya pini pamoja na vumbi, pini zinaanza kubaki chini, na kusafisha seli sio kazi ya fundi wa simu wa mtaani. Osha mikono kwa maji ya vuguvugu, ifute ikauke kabisa, ndo ushike disple.